Hekalu la Ando, Ploti ya Kitengela

Ukitafuta jengo linalopatana na ardhi, utaletewa Hekalu la Maji la Tadao Ando, kisiwani Awaji, Japani. Ni haki yake. Tangu 1991 Wabudha hapo hushuka ngazi zinazopasua kidimbwi cha mayungiyungi hadi ukumbi ulio chini yake. Ukiwa juu, huoni paa; unaona maua na anga.

Sasa lilete Kitengela. Udongo wetu mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Kuta za chini zitajaa nyufa. Na kidimbwi? Huku wengi maji tunanunua.

Kwa hivyo anayeiga shimo la Ando hajamwelewa. Ninachomsifia ni kwamba aliacha mahali patangulie, jengo likafuata. Na hapa Kajiado kinachotangulia si mandhari ya kupigia picha, ni njia. Mvua zikianza, nyumbu na punda milia hutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda nyanda za Athi-Kapiti. Kinachowakwamisha ni fensi, ploti baada ya ploti.

Ukumbi wa Kibudha hapa ningeupa paa pana la kuvuna maji, ukuta wa mawe upande wa upepo, na fensi zii. Utasema, na simba je? Richard Turere wa hapa hapa alishajibu akiwa mtoto: taa za kumwekamweka kuzunguka zizi la babake.

Dini inayofundisha kuachilia ingeanza kwa kuachilia mpaka wa ploti.