Hesabu ya Miche Iliyoshika

Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, nguvu ya kazi ile ilikuwa katika namna malipo yalivyopangwa. Akina mama waliootesha miche hawakulipwa kwa kuchimba shimo na kufukia. Walipata malipo kidogo kwa kila mche ulioshika. Kanuni hiyo ikalazimisha mengine yote: lazima awepo wa kukagua, ziwepo kumbukumbu, kiwepo kikundi cha kuulizwa. Mama ambaye hakupata nafasi ya kusoma sana akajikuta akifanya kazi ya bwana miti.

Shule inayotaka mradi wa miti uwape wanafunzi ujuzi wa kazi ianzie hapo. Siku ya kupanda, yenye mgeni rasmi na picha, hufundisha kidogo mno. Ujuzi umo katika miezi inayoitangulia na miaka inayoifuata.

Chukua sekondari iliyoko Dodoma. Mvua huanza takriban Desemba na kukatika Aprili. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ya Tanzania huja mvua hizo zikikaribia kukatika, wakati unaowafaa watu wa mikoa ya masika. Mche utakaopandwa Dodoma siku hiyo utaonja unyevu wa wiki chache, kisha kiangazi kirefu. Kwa hiyo ratiba hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye mvua. Mche uwe na sentimita 30 hivi ifikapo Desemba. Spishi nyingi huhitaji miezi minne au mitano kitaluni, basi mbegu ziwe zimesiwa Julai, na kabla ya hapo udongo, samadi na mchanga viwe vimechekechwa na viriba vimejazwa. Mwanafunzi aliyewahi kupanga hivyo anaweza kupanga ujenzi wa nyumba.

Mbegu nazo zina tabia zake. Za mgunga zina ganda gumu, hivyo humwagiwa maji ya moto na kuachwa humo hadi asubuhi. Za mwarobaini hupoteza uhai upesi. Ukizinunua bila kuuliza ziliokotwa lini, umenunua takataka. Mtunza stoo wa mradi ajifunze kuuliza. Kisha lije jaribio la uotaji: sia mbegu 100, hesabu zilizochipua. Zikiota 60, anayetaka miche 300 atahitaji mbegu 500, na za ziada kwa ajili ya mchwa na mbuzi. Hapo asilimia za darasani zinageuka fedha, kwa sababu kila mbegu ya ziada inadai kiriba, samadi na maji.

Sehemu ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kukomaza miche. Mizizi ikitoboa kiriba na kuzama ardhini sharti ikatwe. Wiki za mwisho kivuli huondolewa na maji hupunguzwa ili mche uzoee jua la shambani. Wanafunzi hupata tabu hapa, maana huruma inawaambia waendelee kumwagilia. Kulitazama jani likilegea kidogo na kungoja, huku ukijua mpaka wa kungoja, ni uamuzi wa kitaalamu ambao mtihani wa kuandika haupimi.

Likizo ya Desemba nayo huangukia msimu wenyewe wa kupanda. Bila zamu zilizoandikwa, zenye majina ya wanaoishi karibu na shule, kazi ya miezi mitano hukauka.

Miti ikishakua, vipimo hubadilika. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Urefu hupatikana kwa kipimapembe kilichofungwa uzi na kijiwe, umbali wa hatua kadhaa, na tanjenti. Ndivyo wataalamu wanavyokadiria ujazo wa mbao, hata kaboni, na atakayekwenda Chuo cha Misitu Olmotonyi hatakuwa mgeni.

Vyote hivi vinategemea daftari moja: namba ya mche, spishi, tarehe, aliyeupanda, hali yake baada ya miezi mitatu, sita na mwaka, na chanzo cha kifo kama umekufa. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, mvua ikikaribia. Makabidhiano yafanyike Oktoba, anayeondoka na anayebaki wakipita shambani pamoja, mche kwa mche, na anayepokea asitie saini kwa mche ambao hakuuona.