Kamalondo haiko ndani ya foto zetu

Kuna kitu kinanisumbua katika hii kazi tunaita "kulinda urithi wa muji". Foto tunazorusha za Lubumbashi ya zamani ni zile zile: teatre, kathedrali, gare, villa za wazungu. Kamalondo iko wapi? Wengi wetu tunaijua juu ya uwanja wa Mazembe tu.

Lakini Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati wa Wabelgiji, ni kati ya cité za kwanza za watu weusi wa Elisabethville. Kati yake na muji wa wazungu kuliachwa zone neutre, kwa kisingizio cha malaria. Boyi, mafundi na makarani walivuka hiyo nafasi asubuhi na jioni. Leo, tukisema "patrimoine", macho yetu yanabaki upande wa bwana. Na sisi ndio wenye diplome!

Wazee walitupita. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya muji kwa jina la ushirika wa waliokuwa maboyi: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kichwa ni Kifaransa, ndani ni Kiswahili chetu, kimeandikwa namna kinavyosemwa, bila kuomba ruhusa Zanzibar. Muji unasimuliwa na wale waliopika na kufua. Johannes Fabian alitoa maandishi hayo kama buku mwaka 1990, Ulaya, na tafsiri ya Kiingereza. Kazi nzuri sana. Ila mutoto wa Kamalondo ataipata wapi?

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, na maprofesa wa UNILU kama Dibwe dia Mwembu, ulisogea karibu zaidi: uliuliza wakaaji wenyewe. Buku ya miaka 100 ya muji, ya 2010, iko hata na jina dogo la Kiswahili, Ukumbusho wa mukini wa komponi. Jina tamu. Ukiifungua, sehemu kubwa ni Kifaransa. Yaani mama aliyetoa ukumbusho wake anaweza kusoma jalada tu.

Na buku haishike ukuta. Nyumba za matafali za cité hazianguke kwa mvua peke yake. Baba anakufa, watoto wanagombana, parseli inauzwa, munyumba munageuka magazini. Sheria ya kulinda mali ya utamaduni iko tangu 1971. Lakini nani ataombea nyumba ya karani, kama sisi wenyewe hatuihesabu kuwa historia?

Sisemi kila nyumba ibaki. Nyingine zimechoka kabisa, na jamaa iko na haki ya kula. Kumwambia mujane asiuze juu ya "utamaduni", bila kumuonyesha njia ingine, ni maneno ya watu walioshiba. Ndiyo maana foto hazitoshi. Tuko na wanasheria, maarshitekte, watu wa historia, wengi wanangoja kazi. Waingie avenyu moja ya Kamalondo, wapime nyumba, waandike nani alijenga, wakae na warithi mbele ya kikao cha kuuza: je, mbele ya parseli kunaweza kupangishwa bila kubomoa nyumba ya nyuma? Na ripoti iandikwe kwa Kiswahili, kopi moja ibaki kwa biro ya komini, ingine kwa mwenye nyumba.