Fani na Maudhui katika "Tranquility Base Hotel & Casino"

Bendi ya Arctic Monkeys ya Sheffield, Uingereza, ilipotoa albamu yake ya sita mwaka 2018, baadhi ya wasikilizaji walilalamika kwamba magitaa makali yaliyoitambulisha tangu 2006 yamefifia. Tuonavyo sisi, lawama hiyo hutazama fani peke yake. Albamu ya kwanza ilisawiri vijana wa mjini, vilabu vya usiku na safari za teksi; mapigo ya haraka yaliafiki maisha hayo. Nyimbo za 2018 Alex Turner alizitungia kwenye piano, na hoteli inayotajwa ni ya kubuni, iko mwezini. Msimulizi wake anatafakari umaarufu na teknolojia katika upweke, na maudhui hayo yamedai mwendo wa taratibu. Basi mabadiliko haya si usaliti.

Hata hivyo, dosari ipo. Hapo awali msimulizi alikuwa mmoja wa wanaosimuliwa. Sasa anajisemea peke yake, na mara nyingine mafumbo yake humwacha msikilizaji nje. Msanii ana haki ya kuuhama mtaa wake, ila huko aendako bado anahitaji wa kuzungumza naye.