Sifa ya Kafi

Mgeni akifika Kasese huonyeshwa Rwenzori kwanza, na mlima unastahili. Lakini ufundi ninaousifu uko chini yake, kwenye Ziwa George, Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga unaoyaunganisha. Mnunuzi wa ngege katika soko la Mpondwe, hapo Bwera mpakani na Kongo, huuliza bei na kukagua kama samaki ni mbichi. Ni nadra aulizie mgongo uliomfikisha samaki huyo nchi kavu.

Nimesema mgongo kwa makusudi. Anayeanza hudhani kafi ni kazi ya mikono. Hukaba mpini, huvuta kwa viwiko, na haupiti muda mabega yanawaka moto huku mtumbwi ukienda upogo. Sasa mtazame mvuvi mzoefu kutoka ubavuni. Mkono wake wa chini karibu umenyooka. Kinachoanza ni kiuno: kifua kinageuka, bega la upande wa kafi linatangulia, bapa linazama lote mbele ya magoti. Hapo kiwiliwili kinarudi, na mtumbwi unasogea kulifuata kafi. Bapa likifika usawa wa nyonga, linatoka. Ukilivuta kupita hapo unanyanyua maji bure na kujipunguzia mwendo. Hata ukifumba macho utalitambua pigo zuri, maana halina kishindo.

Kayaki, zile boti nyembamba zinazoshindana na maporomoko ya Nile kule Jinja, zina kafi la mabapa mawili, lakini somo la kiuno ni lile lile.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kazi ya mtu wa nyuma mtumbwini. Piga kafi kulia tu, na omo litakwenda kushoto. Hilo kila mwanafunzi hukutana nalo siku ya kwanza, akaanza kuhamisha kafi huku na huku na kujilowesha. Fundi hahamishi. Pigo linapoisha anakunja kifundo cha mkono, bapa linasimama wima ubavuni mwa mtumbwi, analisukuma nje kidogo, na omo linarudi njiani. Pigo linalofuata halichelewi. Akitaka kugeuka kweli, anachora nusu duara pana, mbali na ubavu.

Ziwa George linafaa kwa mafunzo, kwa kuwa kina chake cha wastani ni kama mita 2.4 tu, wakati Edward upande wa Kongo hupita mita 110. Ila maji mafupi ndiyo makao ya viboko. Hushinda majini mchana, jioni hutoka kwenda malishoni. Kwa hiyo usipite kandokando ya matete giza likiingia, wala usimzibie kiboko njia ya kwenda kwenye kina. Hapo hakuna pigo la kafi litakalokuokoa.

Vijiji vya wavuvi kama Katwe, Kahendero na Hamukungu vina watu wenye elimu hii miilini mwao. Shule za huko ziwaite wafundishe kafi kama zinavyofundisha mpira, kila mtoto akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Na mvuvi anayefundisha alipwe, kwa sababu ni mwalimu.