Diski ya Plau Hununuliwa kwa Sikio

Juzi sokoni Chwele nilikuta watu wamemzunguka kijana, wanamsifia diski ya plau aliyotoka kuinunua. Imepakwa rangi ya buluu, inang'aa. Hakuna hata mmoja aliyeigonga. Nikapitisha kamba kwenye tundu la bolti, nikaining'iniza, nikaigonga kwa spana. Ikakoroma kama debe bovu.

Diski iliyolala chini haihukumiwi. Ioshe kwanza, maana tope la mgongoni hula sauti. Ining'inize, uigonge karibu na ukingo. Wengi wakisikia mlio mkubwa wanatoa pesa.

Mlio mkubwa si kitu. Sikiliza mkia wake. Diski nzima hufifia polepole, laini, mpaka ukimya. Yenye ufa hukatika mapema, au huyumba kama sauti mbili zinazogombana, au mwishoni husikika mkwaruzo mdogo, kingo za ufa zikisuguana. Kisha izungushe, ugonge pengine. Diski inapolia ina mistari isiyotikisika, na ufa ukilalia mstari huo haujitaji. Mzee aliyenifundisha kazi kule Kitale aligonga mara nane, macho ameyafumba, na hakuna muuzaji aliyemsemesha kabla mlio wa nane haujafa. Siku hizi nani ana subira hiyo?

Wahandisi wana vyombo vya kutuma mawimbi ya zaidi ya hetsi 20,000, yasiyosikika kwa sikio. Yanakimbia ndani ya bamba, yakikuta ufa yanarudi, na kompyuta inachora ulipo. Mwingereza Horace Lamb aliyaandikia hesabu mwaka 1917. Kwetu kuna spana.

Walaghai huchomea ufa, wakapiga grinda, wakapaka rangi. Chuma cha diski kina kaboni nyingi. Kikichomewa bila kupashwa moto kwanza, kando ya mshono hugeuka kigumu, kikavunjika kama kigae. Na diski hiyo yaweza kulia vizuri kabisa! Ndiyo maana sinunui diski iliyopakwa rangi. Kutu ni afadhali.

Ukishindwa kabisa, kwangua rangi kuzunguka matundu ya bolti, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Paka mafuta ya taa, uache yapenye, upanguse pakauke, kisha unyunyize unga wa chaki. Ngoja.

Ya yule kijana tuliipaka pale pale. Mstari wenye unyevu ukatokeza kwenye tundu la pili, urefu wa kidole gumba. Tulipoinua macho, muuzaji alikuwa ameshakunja turubai lake.