Dungu na Nyumba: Kuhama na Kutulia katika Rufiji na katika Vitabu Vyetu

Kitenzi kutulia kimezaliwa na kitenzi kutua. Jua hutua, ndege hutua, mchukuzi hutua mzigo wake chini ya mwembe. Asiyekwenda hana la kutua. Naanza na jambo hili dogo la sarufi kwa kuwa sisi walimu wa fasihi tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba kuhama na kutulia ni maadui wawili, na kwamba mhusika anayehamahama katika riwaya ni mtu aliyepotea, mpaka hapo mwandishi atakapompatia kiwanja, jembe na mke. Mtihani huuliza, mwanafunzi hujibu hivyo, mwalimu humpa alama zake. Wahenga hawakuwa na haraka kiasi hicho. Wao waliosema kwamba mtembezi hula miguu yake ndio hao hao waliosema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure.

Makala haya yanakusudia kuyapima mafundisho hayo kwa maisha ya watu wa bonde la Rufiji na delta yake, yaani Warufiji, Wandengereko na Wanyagatwa. Sababu ya kuchagua Rufiji ni kwamba huko ndiko nilikokosea. Nilipokuwa mwalimu kijana katika upande wa Kibiti, zamani kabla wilaya hiyo haijamegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, niliwapa wanafunzi insha yenye kichwa “Nyumbani Kwetu”. Mmoja wao, mtoto wa mkulima wa mpunga, aliandika juu ya nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya udongo, ipo kijijini karibu na mikorosho. Ya pili ilisimama juu ya nguzo katikati ya mpunga, na ilipandwa kwa ngazi. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni kwamba amechanganya mada, kwa maana moja ni nyumba na nyingine ni kibanda cha shambani. Hakubisha. Alikuja mezani akaniuliza kwa adabu, “Samahani, Mwalimu, ile tunayokaa miezi mingi zaidi ni ipi?”

Sikuwa na jibu, na miaka ilipita kabla sijang'amua kwamba hata sarufi ilikuwa upande wake. Waswahili husema kwetu, wala si petu. Ku- ni kiambishi cha mahali pasipowekewa mpaka; pa- ni cha mahali palipobainishwa. Mtu akisema “kwetu” hakulazimika kuonyesha kwa kidole.

Sasa tuutazame mwaka wa mkulima wa Rufiji kama ulivyokuwa kwa vizazi vingi. Mto huu hukusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na eneo linaloumwagia maji ni karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Maji hayo yote hushuka wakati wa masika, yakavuka kingo, yakatandaza tope lenye rutuba bondeni. Mkulima hupanda mpunga mvua zinapoanza, ili mche uwe umekwisha kupata nguvu mafuriko yafikapo. Maji yakiwahi mno, mpunga huzama, yakichelewa, hukauka. Yanapopungua, ardhi iliyobaki na unyevu hupandwa mahindi, kunde, maboga, na hapo zamani pamba. Kilimo hiki cha pili huitwa mlau, nacho hakihitaji mvua, kwa kuwa mto umekwisha kumwagilia. Katika mabwawa yanayoachwa na mafuriko huvuliwa kambale na perege. Juu vilimani kuna muhogo, minazi na mikorosho. Kila mahali pana wakati wake, na hakuna mahali hata pamoja panapotosha kulisha nyumba mwaka mzima.

Dungu ndilo linaloshikilia mzunguko huo. Ni jengo la nguzo, fito na makuti, sakafu yake ikiwa juu kupita kimo cha maji, na aila nzima huhamia humo pamoja na vyungu, kuku na jiko. Huko hulindwa mpunga usiliwe na ndege, nguruwe, tumbili na viboko. Mtu asiyeujua mwaka ule akipita wakati wa kiangazi ataona vijiti vilivyoinama na kusema kwamba hapa palikaa watu wasio na makao. Kumbe nguzo zile zilipimwa kwa kumbukumbu: mzee anayelijenga anajua maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, naye hupandisha sakafu kwa kadiri hiyo. Ikiwa utamaduni ni namna ya watu kuifanya nchi iwakalike, basi dungu lastahili kutajwa pamoja na milango ya nakshi ya Unguja, ambayo vitabu vyetu havichoki kuisifia.

Kule delta hesabu ni ngumu zaidi, maana maji ya chumvi hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na mpunga huishi kwa neema ya maji baridi ya mto yanayoisukuma chumvi baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mto iligeuza njia ikaelekea matawi ya kaskazini. Mashamba ya kusini yakaingiwa na chumvi, na wakulima wakayafuata maji. Hapo walikutana na mikoko, ambayo imekuwa chini ya ulinzi wa serikali tangu Wajerumani walipoitwaa mwaka 1898. Mkoko ukikatwa ili kupanda mpunga ni hasara kwa samaki, kwa kamba na kwa pwani yote; hilo si la kubishaniwa. Lakini aliyeandikwa kuwa mvamizi hakuondoka kwao kwa kupenda safari. Mto ndio ulioondoka kwanza.

Je, fasihi yetu imeyaona haya? Tamthilia iliyo karibu zaidi na nchi hii ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, naye alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mwandishi anastahili sifa zote alizopewa kwa jinsi alivyoichambua nguvu ya neno linalomponyoka msemaji wake. Hata hivyo, maji katika tamthilia ile ni makao ya mzimu na chemchemi ya dawa. Siyo maji yanayopanda nguzo za dungu. Sikusudii kumdai mwandishi kitu ambacho hakuahidi, lakini mwanafunzi wa Kibiti akifunga kitabu hicho anakuwa ameuona mto wake ukileta unabii, wala hajauona ukileta mpunga, jambo ambalo nadhani lilikuwa na sehemu yake katika hasira ya watu waliotolewa mashambani mwao kwenda kulima pamba ya mtu mwingine.

Shaaban Robert ndiye mwalimu wetu mkuu wa kutulia. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotolewa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake, Utubora anarudi kutoka vitani, anapata kazi yenye mshahara mzuri, kisha anaiacha kwa hiari na kwenda kulima. Kitabu hiki kinapendeza, na utulivu wake ni wa kweli. Aliyekiandika mwenyewe alikuwa mtumishi aliyepata kuhamishwa kutoka Pangani hadi Longido, na bila shaka alijua ladha ya kutamani shamba. Lakini shamba la Utubora halihami. Lipo pale likimngoja, kana kwamba ardhi ni kiti kitupu na mwanadamu ndiye pekee mwenye miguu. Mkulima wa Rufiji angeuliza: katika masika Utubora alilala wapi?

Euphrase Kezilahabi aliuvunja utulivu huo. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya mwaka 1975, anaondoka Ukerewe, anatangatanga, na mwishowe anapofanikiwa kuwa na shamba anatwaliwa shamba lenyewe. Anaua, naye ananyongwa. Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, inaingia moja kwa moja katika uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa na katika upinzani wao. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitabu chetu kilicho jasiri kupita vyote katika suala hili, na ningependa kifundishwe zaidi ya kinavyofundishwa. Hata hivyo, wanavijiji wa Kezilahabi wana mahali pamoja pa zamani, na maumivu yao ni ya kung'olewa hapo. Rufiji kisa kilikuwa kingine.

Mwaka 1968 mafuriko makubwa yaliharibu mazao bondeni. Serikali ikaanzisha mpango uliokuja kuitwa Operesheni Rufiji, na katika mwaka huo na uliofuata watu walitolewa bondeni na kuwekwa katika vijiji vya nchi ya juu, miaka kadhaa kabla ya Novemba 1973, ilipotangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Haki itendeke katika kulisimulia jambo hili. Njaa ile ilikuwa ya kweli. Nia ya kuwapatia watu shule, zahanati na maji safi ilikuwa njema, na wapo wengi waliosoma kwa sababu ya vijiji vile. Mimi nisingekuwa na darasa la kufundisha kama si vijiji vile. Lakini ofisi iliyopanga iliyasoma maisha ya Rufiji kama mimi nilivyoisoma ile insha. Ilimwona mtu mwenye makao mawili ikadhani hana hata moja.

Ardhi yenye rutuba haikuhama pamoja na watu, ilibaki bondeni. Basi wakulima wakatembea mwendo mrefu kuifuata, na wakati wa mpunga wakarudi madunguni kama zamani, isipokuwa sasa walihesabiwa kuwa wametoka kijijini. Mtoto wa shule akawa na mawili ya kuchagua. Akibaki kijijini, atajipikia mwenyewe au atakula kwa jirani. Akiwafuata wazazi, ataandikwa mtoro. Watu hawa hawakunyang'anywa mahali, kwa maana mahali pote palikuwapo bado. Walichonyang'anywa ni mzunguko: ile ruhusa ya kwenda na kurudi bila kuulizwa. Msiba huo ni mgumu kuutungia riwaya, kwa kuwa hauna nyumba iliyobomolewa ya kuonyeshwa katika sura ya kwanza.

Ni lazima tutenganishe kuhama na kuhamishwa, na lugha yetu imekwisha kututenganishia kwa kiambishi tu. Wafugaji wa Kisukuma na Kibarabaig walioingia Rufiji na mifugo yao baada ya kuondolewa katika bonde la Usangu mnamo 2006 na 2007 hawakuwa katika mzunguko wa malisho, walikuwa wamesukumwa. Walifika katika nchi yenye mzunguko wake, ng'ombe wakaikuta mlau ikiwa kijani wakati kila kitu kingine kimekauka, na ugomvi uliotokea hapo unajulikana. Mara nyingi husimuliwa kwamba ni ugomvi wa watu wanaohama na watu waliotulia. Mimi nauona kuwa ni ugomvi wa watu wawili ambao wote walikuwa na kalenda, na kalenda ya mmoja ilikwisha kuchanwa alikotoka.

Pwani wana msemo kwamba aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani. Mabaharia waliokuja delta na upepo wa kaskazi kupakia boriti za mikoko, wakangoja kusi ili warudi, waliuelewa bila kufafanuliwa. Walikuwa wakienda mwaka hata mwaka, na hakuna aliyewaita wasio na kwao. Sijui kwa nini heshima hiyo tumempa nahodha wa jahazi tukamnyima mama mwenye mtumbwi, vyungu vitatu na watoto wanne, aendaye dunguni.

Tangu Desemba 2022 maji ya mto yanazuiwa katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mitambo yake ilianza kufua umeme mwaka 2024. Mwezi Aprili mwaka huo huo mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Umeme twauhitaji, na makala haya hayaandikwi gizani. Lakini kimo cha dungu kilipimwa kwa mto uliojaa kwa desturi yake, na sasa mto una mlango, na mlango una mwenye ufunguo. Mzee aliyekumbuka maji ya 1968 atamwambia nini mjukuu wake juu ya urefu wa nguzo? Hilo ndilo swali ambalo riwaya yaweza kulibeba kuliko taarifa yoyote ya kitaalamu, na riwaya hiyo bado sijaiona katika orodha za shule. Wa kuiandika huenda yumo katika kidato cha pili hivi sasa, huko Kibiti. Au hayumo darasani leo: ni majira ya kulinda ndege, kiti chake ki wazi, na mwalimu wa zamu amekwisha kuandika neno moja mbele ya jina lake.