Bahari kwenye Paji la Mtemi

Ipole, kusini mwa Tabora, iko zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani, lakini huko pambo la enzi la watemi wa Unyamwezi na Ukimbu lilitoka baharini. Fundi alikata kitako cha konokono wa bahari, akakisugua kikawa duara jeupe lenye msokoto, akatoboa tundu la uzi. Wapo watakaosema ni gamba tu, tena mvaaji bahari hakuijua. Naam, umbali huo ndio uliolipa uzito. Mwaka 1854, kwa chifu Shinte, magharibi zaidi, mmisionari Livingstone alielezwa kuwa magamba mawili kama hayo yalitosha kununua mtumwa. Bei ya aibu, ila yaonyesha thamani. Pongezi zangu nampa fundi, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyelipandisha gamba hilo bara kwa miguu.